Bertilla wa Vichupa

Ukifika kijijini kwetu Mwazye ukaulizia kwa Bertilla, utaulizwa wewe kwanza: Bertilla yupi, wa vichupa? Ndiye huyo. Mwanamke mfupi, mwenye baiskeli ya kiume aliyoachiwa na marehemu baba yake, na kicheko kinachokufikia kabla baiskeli yenyewe haijakata kona. Analima mahindi na ulezi kama sisi wote, anasali jumuiya kama sisi wote, na kijana wake Raymond ndiye aliyempa jina la heshima, Mama Raymond. Ila miaka hii ya karibuni ana kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka Matai. Bertilla anakusanya mkojo wa wanawake wajawazito na wa wale waliokwisha kujifungua.

Haya, cheka umalize. Sisi tulishacheka tukachoka.

Ulikuja mradi wa utafiti, wenye maabara yake mjini Sumbawanga, ukataka mama mmoja katika kila kijiji wa kuzungukia wenzake. Bertilla alikuwa tayari mhudumu wa afya wa kijiji, akachukuliwa. Walimfundisha mambo mengi kwa maneno marefu, naye aliporudi aliyakatakata akayafanya mafupi. Mwanamke akishika mimba, alituambia, mwili wake unatengeneza homoni kwa wingi ambao hajawahi kuwa nao. Zikishafanya kazi yake mwili unazitoa, na nyingi zinatokea kwenye mkojo. Mimba inavyokua nazo zinapanda. Siku mtoto na kondo la nyuma vikitoka, zinaanguka. Hazishuki polepole kwa adabu, zinaanguka. Wazazi wengi wanalia kidogo bila kujua wanalia nini, kisha wanaendelea na maisha. Wengine wanaanguka pamoja nazo, wasiinuke. Wataalamu walitaka kupima mkojo wa mtu yule yule tangu mimba changa mpaka mtoto ameanza kukaa, waone kama kuna dalili ya kuwatambua mapema hao wasioinuka. Dawa hawakuahidi, na Bertilla hakuwaongezea neno.

Sasa, watu wa mbali wakisikia jina Sumbawanga wanaanza kutabasamu, halafu wanauliza habari za uchawi. Tumezoea, ingawa inaudhi. Lakini tuseme kweli, hata kwetu mtu hapendi kitu kilichotoka mwilini mwake kiende asikokujua, na mimba nayo haitangazwi ovyo. Mkutano wa kwanza, pale kwenye jengo la jumuiya, akina mama walikaa kimya mikono imefichwa kwenye khanga. Mmoja akauliza, huo mkojo unakwenda kufanywa nini hasa? Bertilla alichukua kichupa akatoka nyuma ya jengo, akarudi nacho kimejaa, akakiweka mezani mbele ya wote.

"Huu ni wangu," alisema. "Kama kuna anayemjua mchawi, ampelekee."

Kicheko kilichotoka pale kilifanya wanaume waliokuwa nje wachungulie. Kabla ya jioni, wajawazito wote wa kijiji walikuwa wameomba vichupa.

Kazi ikaenda, na ikaenda kwa desturi zetu. Kwetu mgeni akija, hata kama amekuja kwa shida yake, hatumwachi aondoke mikono mitupu. Kumpa mtu mkojo peke yake ilionekana ni kama kumtukana. Basi akina mama walikifunga kichupa kwenye kitambaa, wakakiweka ndani ya kikapu, na juu yake wakaweka chochote: maharage, viazi, yai la kuku. Bertilla alivipeleka vichupa kwenye jokofu la zahanati vikasubiri gari la mjini, na maharage akayapeleka nyumbani. Hakuna mwaka aliokula maharage ya aina nyingi namna ile.

Wengine walidhani anaifanya kazi hii kwa kuwa ni mcheshi na hana haya. Ni kweli hana haya. Lakini mimi nitasema lililo chini yake. Alipomzaa Raymond, akiwa msichana tu, Bertilla alikaa akitazama ukuta majira yote ya baridi. Mtoto akilia alimsikia kama mtu analia nyumba ya jirani. Mama mkwe wake akasema ni uvivu, shangazi wa mume akasema ni kurogwa, na mumewe akaacha kusema. Hakuna hata mmoja aliyeketi karibu yake akamuuliza anajisikiaje. Aliinuka mwenyewe, polepole, na mpaka leo hajui aliinukaje. Kwa hiyo siku mtaalamu wa mradi aliposimama mbele ya ubao akaeleza kuhusu wazazi wanaoanguka pamoja na homoni zao, Bertilla alitoka nje akalia hadi akaloa, halafu akarudi akakaa mstari wa mbele.

Katika wanawake wake wote, aliyempenda zaidi ni Jenifa. Alikuwa mke wa Kasimiri, kijana anayenunua samaki Kasanga, kule ziwani, na kuwapandisha huku juu, na ambaye kwa sababu hiyo alikuwa haonekani nyumbani kwa wiki nzima nzima. Jenifa alikaa na mama mkwe, Bibi Stefania. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na alikuwa msichana wa maswali. Alimuuliza Bertilla homoni zina rangi gani, na kama za mtoto wa kiume zinapanda kwa namna yake. Kila Bertilla alipokuja, Jenifa alikuwa amesimama njiani anamsubiri, kikapu mkononi, tumbo mbele.

Alijifungua salama, mtoto wa kiume, wakamwita Isdori. Na hapo mlango ukafungwa.

Usimwone Bibi Stefania vibaya. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, na kwa taratibu zake mzazi hatoki ndani kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, wala mgeni haingii chumbani kwake. Hata kitovu kilipodondoka aliongeza siku, maana upepo wa huku kwetu Ufipa wakati ule ulikuwa unakata masikio. Bertilla naye ni mtoto wa humu humu, akaiheshimu desturi. Akija, Bibi Stefania anatoka na kikapu, kichupa kimefungwa vizuri, na juu yake maharage mengi kuliko ya nyumba yoyote. Jenifa hajambo? Hajambo, amelala. Mtoto hajambo? Ananyonya. Bertilla anapanda baiskeli anakwenda zake.

Mpaka siku Eustace alipopiga simu. Eustace ni kijana wa maabara kule mjini, mkazi wa Milanzi, mpole, na anayeipenda mashine yake ya kupimia kama wengine wanavyopenda ng'ombe.

"Shikamoo Mama Raymond. Hivi, hivi vichupa vya Jenifa baada ya kujifungua, ni vyake kweli?"

"Marahaba. Vya nani tena kama si vyake?"

"Ndicho ninachouliza mimi. Kabla ya kuzaa mkojo wake ulikuwa juu kabisa, mzuri, kama wenzake. Wenzake wakizaa naona homoni zinaanguka, leo kiasi hiki, kesho pungufu. Cha kwake cha kwanza tu, hamna kitu. Hamna alama kwamba aliwahi kuwa na mimba mwaka huu. Mama, huu ni mkojo wa mtu ambaye mambo ya uzazi yalishamwacha zamani."

Katika nyumba ile mambo ya uzazi yalikuwa yamemwacha mtu mmoja tu. Bertilla aliziona akilini khanga za Bibi Stefania, akamwona anachuchumaa nyuma ya kihenge na kichupa cha utafiti, uso umetulia kama yuko kanisani. Akacheka mpaka simu ikataka kumponyoka. Eustace naye upande wa pili akaanza kucheka bila kuambiwa.

Kisha kicheko kikamkatika. Kama bibi ndiye anayejaza, kwa nini Jenifa hajazi? Msichana aliyekuwa anamsubiri barabarani na kikapu, ameshindwaje hata kuchuchumaa?

"Kwa utaratibu," Eustace alikuwa akisema, "hivyo nitaviandika vimeharibika, na yeye tunamtoa. Tutampata mwingine."

"Kichupa kimeharibika, sawa," alisema Bertilla. "Mtu je? Usimtoe kwanza, mwanangu. Nipe nafasi niende."

Asubuhi yake alikwenda, upepo usoni, anajilaumu njia nzima. Ni yeye aliyewaeleza wenzake kuhusu wanaoanguka, na ni yeye aliyekuwa akipokea kikapu mlangoni na kuridhika. Aliogopa jambo moja tu, kwamba amechelewa.

Bibi Stefania alimpokea vizuri kama siku zote. Akampa kigoda uani, akamuuliza habari za shamba na za Raymond, akaingia jikoni. Bertilla alisikia mtoto akilia ndani, kilio kile cha kuchoka, kisha akanyamaza bila sauti yoyote ya mama. Baada ya muda bibi akatoka na ugali wa ulezi unaotoa moshi, samaki wa mgebuka kutoka Kasanga kwenye bakuli, na maji ya kunawa.

Bertilla hakunyoosha mikono.

Msomaji asiye wa kwetu hawezi kujua hilo ni jambo zito kiasi gani. Kukataa chakula kilichopikwa kwa ajili yako, uani kwa mtu aliyekuzidi umri, ni kusema kwamba humwamini, au kwamba nyumba yake si ya watu. Watu wameacha kusalimiana kwa miaka kwa sababu ya hilo. Bibi Stefania alibaki ameshika birika la maji.

"Nawa, mwanangu, kitapoa."

"Sijakataa, mama. Namsubiri Jenifa tule wote."

"Jenifa amelala."

"Nitasubiri aamke."

Bibi akaliweka birika chini. Akaenda kupembua ulezi wake upande wa pili wa ua, ungo unarushwa kwa hasira, makapi yote yanapeperukia kwa Bertilla. Bertilla akayapangusa usoni akakaa. Ugali ukapoa, ukafanya ngozi juu. Majirani walipita, wakasalimia, wakakiona chakula ambacho hakijaguswa, wakaongeza mwendo ili wakasimulie mapema. Bibi Stefania aliwaona, na aibu ikampanda. Akainuka, akauondoa ule ugali, akapika mwingine. Huo nao Bertilla akaushukuru vizuri sana, asiuguse.

"Unataka nini kwangu, Bertilla?" Lile la Mama Raymond lilikuwa limekwisha kwenye salamu, sasa ni jina kavu. "Mkojo unapata. Maharage unapata. Nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea, mama. Mkojo niliopata ni wako."

Basi ungo ukaanguka. Mama wa watu alikaa chini pale pale kwenye makapi, akajifunika uso kwa khanga, na alipoanza kusema alisema kwa Kifipa, maana mambo ya ndani hatuyasemi kwa Kiswahili. Alisema Jenifa hakuinuka tangu siku ya pili. Hali chakula, haongei, mtoto anawekwa kwenye ziwa na mtu mwingine. "Ulikuja umepigwa na baridi, baiskeli imejaa matope. Nilimwomba, mwanangu jaza hicho kichupa mgeni aondoke nacho, akageukia ukutani. Ningekurudishaje mikono mitupu? Nikasema na mimi ni mwanamke, mkojo ni mkojo." Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, akatoa lile lililokuwa linamla. "Watasema nimemroga mkwe wangu. Na Kasimiri akirudi, nitamwambia nini?"

Wapo ambao wangemsomea mashtaka pale pale, wakamwambia ameharibu utafiti wa serikali, wamfanye azidi kunywea. Bertilla aliondoka kwenye kigoda akakaa naye chini.

"Mimi nilikaa hivyo kwa Raymond," alimwambia. "Majira ya baridi yote. Hakuna aliyeniroga, mama. Na huyu nawe hujamroga. Ni mwili umeshuka ghafla ukamwacha roho hewani. Ila asibaki peke yake na huo ukuta."

Bibi Stefania alikuwa amemjua Bertilla tangu mtoto na hakuwahi kusikia habari hiyo. Akafuta machozi, akamfungulia mlango.

Chumba kilikuwa na giza na joto la jiko la mkaa. Jenifa alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, nywele zimeshikana, na Isdori kando yake amefungwa kama kifurushi. Bertilla hakuuliza habari za kichupa. Alipanda kitandani na matope yake, akalala nyuma ya yule msichana, akamkumbatia kama anavyokumbatiwa mtoto mwenye homa. Wakakaa hivyo.

"Mama Raymond," Jenifa alisema mwishoni, bila kugeuka, "yule mtoto si angepata mtu mzuri? Nimewaza nimwache mlangoni kwa masista, halafu mimi nilale nisiamke."

"Nimekusikia," alisema Bertilla. "Umefanya vizuri kuniambia. Sasa twende, mimi na wewe na mama, wote."

Ndani ya mchana ule ule walikuwa njiani kuelekea hospitali ya Matai kwa pikipiki mbili, Jenifa amebanwa katikati ya dereva na Bertilla asianguke, Bibi Stefania nyuma na mjukuu mgongoni chini ya mablanketi. Daktari aliyewapokea alikuwa mtu msikivu. Hakuwacheka wala kuwakaripia. Walimlaza, wakampa dawa, wakamwekea muuguzi wa kuzungumza naye, na wakasema jambo moja kwa msisitizo: asiachwe peke yake, hata dakika moja. Hilo Bibi Stefania alilishika kuliko katekisimu. Kasimiri aliitwa kutoka Kasanga, akaja ananuka samaki, akakaa sakafuni kando ya kitanda cha mkewe mpaka Jenifa aliporuhusiwa kutoka. Na Bertilla, katika mizunguko yake yote, hakuna safari aliyoruka ile nyumba.

Haikuwa muujiza. Siku nyingine Jenifa alicheka, kesho yake akarudi ukutani. Lakini siku za ukutani zilianza kuwa chache. Siku moja alimfunua mtoto akamhesabu vidole kana kwamba ndiyo kwanza amekabidhiwa. Siku nyingine aliuliza, kwa ile sauti yake ya zamani ya maswali, kama vichupa bado vinatakiwa.

Vilitakiwa. Eustace alikuwa amewaeleza wakubwa zake mambo yalivyokwenda, nao wakakubali Jenifa abaki, na pale vilipotakiwa kuwa vile vichupa vya mwanzo paachwe wazi. Vya bibi vilimwagwa. Bibi Stefania alipoambiwa alisikitika kidogo, akasema kama wakati mwingine watataka wa kizee, yeye yupo.

Tangu hapo Bertilla ana utaratibu wake, na wenzake wa vijiji vingine wameuiga. Hapokei kikapu mlangoni. Anasema, nionyesheni uso kwanza, kichupa baadaye. Kama mzazi haruhusiwi kutoka, anaomba akina mama wa nyumba hiyo wampe ruhusa ya kuingia, naye anajua kuomba: anaomba kwa kukaa. Nyumba nyingi sasa zinamfungulia haraka, kwa sababu habari za ugali uliopoa kwa Bibi Stefania zilitembea nchi nzima ya Ufipa na hakuna anayetaka yamkute. Wazazi wengine aliowagundua hivyo wapo, na wapo hai. Wakimshukuru anawatania, anasema yeye alifuata mkojo tu.

Zamu ya mwisho ya Jenifa katika utafiti ilifika Isdori akiwa ameanza kukaa bila kushikwa. Bertilla alipokata kona alimkuta amesimama barabarani, mtoto kiunoni, kikapu mkononi, akamkabidhi mwenyewe. Kichupa kilikuwa bado cha moto kwenye kitambaa chake. Bertilla akakishika kwa mikono miwili.

Uani kigoda kilikuwa tayari. Bibi Stefania akaleta ugali wa ulezi na mgebuka, akamsimamia na birika.

"Mama Raymond, na leo je?"

Bertilla hakunyoosha mikono. Bibi akaanza kukunja uso. Lakini Jenifa alikuwa ameelewa. Alimweka Isdori kwenye mapaja ya Bertilla, akanawa, akakaa mkekani, akakata tonge kubwa, akalichovya kwenye mchuzi, akala. Kisha akakata la pili.

"Haya, mama," alisema Bertilla, akamgeuzia Bibi Stefania viganja. "Sasa nimwagie maji."